Lehemu inadondoka chini na kiungo kinavuja: nifanye nini?

Swali: Asalamu alaykum, fundi. Tumerithi nyumba ya ghorofa moja huku Malindi, Mji Mkongwe, na bafu la juu nalikarabati mwenyewe kidogo kidogo, maana bei ya fundi imenishinda. Mabomba yake ni ya shaba, ya zamani. Nimekata kipande kilicholika nikaweka kona mbili mpya. Tochi ya gesi ninayo, na waya wa lehemu nimenunua Darajani kwa wauza vifaa vya redio. Lehemu inayeyuka vizuri, lakini inaviringika matone na kuanguka chini. Kona moja ilishika, ila nilipofungua maji ikaanza kutoa jasho, kisha ikavuja. Tena koki kubwa ya chini haifungi sawasawa. Je, kazi hii mtu anaweza kujifunza mwenyewe, au nayang'oa yote niweke ya plastiki?

Jibu: Waalaykumu salamu, ndugu yangu. Inajifunzika, na wewe huko mbali nayo. Katika maelezo yako yamo mambo matatu yanayonionyesha kwa nini kiungo kimekataa: huo waya wa redio, hiyo koki isiyofunga, na hilo neno lako kwamba lehemu "inayeyuka vizuri". La mwisho ndilo kubwa, nianze nalo.

Lehemu haiyeyushwi na moto wa tochi. Inayeyushwa na shaba iliyopashwa moto. Ukiuelekeza ulimi wa moto kwenye waya, waya utayeyuka papo hapo, kwa sababu madini ya bati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya lehemu, huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi tu, na moto wa tochi unapita nyuzi elfu moja. Lakini tone hilo linatua juu ya shaba ambayo bado ni baridi, linaganda, linaviringika na kuanguka. Hata likibaki, limebaki juu juu. Kinachozuia maji kwenye kiungo cha shaba si lehemu unayoiona nje. Ni utando mwembamba uliopenya baina ya bomba na fitingi (ile kona au kiungio unachoingizia bomba), mahali ambapo jicho halifiki. Uwazi wenyewe ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Pakiwa safi na pakiwa na joto la kutosha, lehemu iliyoyeyuka hujivuta yenyewe ndani, na bomba likiwa limesimama hupanda hata kwenda juu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kandili.

Kwa hiyo moto upige fitingi, waya uguse bomba. Ukishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Sasa huo waya wa redio. Nakuomba kwa moyo wote usiutumie tena kwenye maji. Waya wa kawaida wa mafundi redio ni bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40, na ndiyo maana umekuyeyukia upesi, kwani huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Risasi inaingia kwenye maji na inakaa mwilini, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Marekani iliipiga marufuku lehemu ya risasi kwenye mabomba ya maji ya kunywa tangu mwaka 1986. Na usijiambie kwamba hayo ni maji ya kuogea tu. Bafuni ndiko watoto wanakopigia mswaki, na ndiko mnakotawadha na kusukutua mara tano kwa siku. Tena ule utomvu uliomo ndani ya waya wa redio umetengenezwa kwa nyaya ndogo safi, hauna nguvu ya kusafisha bomba. Kona zote mbili ulizoweka zikate, uzitupe, uanze na mpya. Tafuta waya mzima usio na kitu ndani, ulioandikwa kwamba hauna risasi. Wengi wake ni bati asilimia 97 na shaba asilimia 3. Huo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 227, kwa hivyo utaona unataka joto zaidi kuliko ulivyozoea. Usishtuke. Na flaksi, ile dawa ya kupaka inayosafisha shaba ili lehemu ishike, lazima iwe ya mabomba ya shaba ya maji, si ya redio.

Kabla hujanunua fitingi nyingine, pima bomba lako kwa vernia (kipimo chenye taya mbili za kubana), upande wa nje. Hapa watu wengi wanapotezewa muda na pesa. Mabomba ya maji ya vipimo vya Uingereza na Ulaya yanahesabiwa kwa unene wa nje: milimita 15, milimita 22. Bomba la shaba unaloliona limekunjwa duara kwenye maduka ya viyoyozi na friji, likiitwa nusu inchi, nje ni milimita 12.7. Na fitingi ya maji ya Marekani inayoitwa nusu inchi inataka bomba la karibu milimita 15.9. Ukiingiza bomba la 15 kwenye fitingi hiyo, litaingia kwa raha kabisa, utafurahi, na uwazi utakuwa mkubwa mno kwa lehemu kujivuta. Itapita tu na kudondoka upande wa pili. Bomba linalofaa huingia kwa kusukumwa kidogo, na ukiliachia halichezi.

Na ukimuuliza fundi wa friji akufundishe, mshukuru, lakini jua kwamba yeye anachomelea kwa vijiti vinavyotaka zaidi ya nyuzi 600. Moto wake ni wa kazi nyingine, na ukiufuata kwenye lehemu yako utaunguza flaksi kabla hujaanza.

Tuje kwenye maji. Hiyo koki ndiyo iliyokuharibia ile kona iliyotoa jasho, nina hakika nayo. Maji yanapochemka hubaki kwenye nyuzi 100, na maadamu kuna maji ndani ya bomba, shaba iliyoyagusa haitapanda kufika 227 hata ukae na tochi mpaka gesi iishe. Na hata kiasi kidogo, yale yanayochuruzika tone moja moja, hugeuka mvuke, mvuke ukatafuta njia ya kutoka, ukapita katikati ya lehemu iliyo laini na kuacha kitundu chembamba kama sindano. Ndicho kinachotoa jasho.

Dawa ya kweli ni kubadilisha koki kwanza. Kama maji yanashuka kutoka tangi la juu, funga pale tangini. Kama yanakuja moja kwa moja kutoka bomba la ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, funga kwenye mita. Kisha fungua bomba la chini kabisa la nyumba na uyaache yamalizike. Ikiwa bado yanachuruzika, chukua boflo, ondoa gamba, finyanga ule ulaini wa ndani na uusukume kwa penseli ndani ya bomba, mbali kidogo na kiungo. Mafundi wa nchi nyingi wanafanya hivyo. Mkate unanyonya maji na kukupa dakika kadhaa za ukavu, na baadaye unalainika na kutoka na maji. Utoe kupitia mdomo wa bomba ulio wazi, kabla hujafunga bomba la mvua wala koki za kuchanganya maji, la sivyo makombo yataziba vitundu vyake. Na unapolehemu, hakikisha upande mmoja wa bomba uko wazi. Bomba lililozibwa pande zote mbili likipashwa moto linajaza mvuke, na hiyo ni hatari.

Usafi ni jambo ambalo wanaoanza wanalifanya nusu. Shaba ikikaa katika hewa yetu ya bahari hupata utando haraka, na lehemu haishiki utando. Kata bomba kwa kikatio cha kuzungusha kama unaweza kukipata. Msumeno wa chuma unakata, lakini unaacha mdomo umepinda na umejaa makucha, utapata kazi ya kuupiga tupa nje na ndani. Halafu msasa laini kwenye ncha ya bomba, kuzunguka, mpaka shaba ing'are rangi ya waridi pande zote. Ndani ya fitingi vilevile, hata kama ni mpya na inaonekana safi. Baada ya hapo usipaguse kwa kidole, maana kidole kina mafuta. Paka flaksi kwa brashi, nyembamba, ingiza bomba mpaka ligote, lizungushe kidogo ili flaksi ienee, na futa iliyotoka nje. Flaksi nyingi haisaidii. Inabaki ndani, ni kali, na kwa unyevu wetu itaendelea kuila shaba miaka yote.

Sasa washa. Ulimi wa moto una sehemu ya ndani ya buluu iliyokoza, na joto kali liko kwenye ncha yake. Ilete kwenye mwili wa fitingi, uisogeze sogeze, usiigandishe mahali pamoja. Bomba la milimita 15 halihitaji muda mrefu. Tazama flaksi: itayeyuka, itatoa povu dogo, kisha itatulia na kuwa angavu kama maji. Wakati huo gusa kiungo kwa ncha ya waya upande ule ambao moto haupo. Kama waya unakwaruza tu, uondoe, endelea kupasha. Ukiugusa ukalainika wenyewe, ondoa moto, lisha waya. Hapo utaona jambo zuri sana la kazi hii: mstari wa fedha unakimbia kuzunguka mdomo wa fitingi na kukutana upande wa pili, bila wewe kuuzungusha. Kwa bomba la milimita 15, waya wa urefu wa milimita 15 hadi 20 unatosha. Upinde waya kwenye kipimo hicho kabla hujaanza, ukifika kwenye pindo acha. Bomba likiwa limelala, anza chini, malizia juu.

Flaksi ikigeuka nyeusi na kutoa moshi mwingi, umepitisha. Usilazimishe, acha ipoe, fungua, safisha upya. Na kiungo kikikamilika usikitikise wala kukimwagia maji. Kiache mpaka mng'aro wa majimaji ufifie na lehemu igande kabisa, ndipo ukifute kwa kitambaa chenye unyevu kuondoa mabaki ya flaksi.

Ukiwa na tii, ipashe yote na umalize midomo yake mitatu kwa mpigo mmoja. Ikiwa mdomo mmoja ulishalehemiwa zamani, uvike kitambaa kilicholoa ili usiachie. Koki yoyote yenye mpira ndani, itoe matumbo yake kwanza. Fitingi zenye thredi zilehemu kabla, zikipoa ndipo ufunge tepu na kukaza.

Lakini usianzie ukutani. Nunua nusu mita ya bomba na soketi chache (fitingi nyoofu za kuungia bomba mbili), kaa uani juu ya matofali, ulehemu hapo. Kisha, kiungo kikipoa, kibane na ukipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu, katikati, ukifungue kama ganda. Utaona kila kitu ulichokifanya. Palipopenya, pande zote mbili zimevaa rangi ya fedha mpaka ndani kabisa pale bomba lilipogota. Palipokataa, utaona shaba tupu, au doa jeusi la flaksi iliyoungua, au alama ya kidole chako. Kiungo chenye pete nzuri nje kinaweza kuwa tupu ndani upande uliokuwa mbali na moto. Hilo hakuna maelezo yatakayokufundisha kuliko kulipasua na kuliona. Pasua mpaka vitoke vyema mfululizo, hata vile ulivyovilehemu bomba likiwa limesimama na vile ulivyovifanyia mahali pa kubana mkono. Fitingi chache utakazoziharibu ni rahisi kuliko ukuta mmoja.

Na ukuta wako si ukuta wa kawaida, hili nataka ulitie moyoni. Nyumba za Malindi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimeingia ndani ya ukuta. Jiwe na chokaa havishiki moto. Boriti kavu ya miaka mia inashika, na vipande vya mbao vimo ndani ya kuta hizo mahali usipotarajia, chini ya plasta. Weka kipande cha bati nyuma ya kiungo kila unapowasha, ndoo ya maji iwe karibu, na ukimaliza usiondoke. Rudi upapase ukuta na mbao zilizo jirani baada ya nusu saa na tena baada ya saa. Upepo wa kusi ukipiga dirishani utakuzimia joto upande mmoja wa kiungo. Kinga moto kwa bati, lakini dirisha usilifunge, moshi wa flaksi si wa kuvuta. Na bomba la chuma lililopakwa zinki usilipige tochi kabisa, moshi wake unaleta homa.

Kabla ya kukata bomba jingine lolote, zima umeme wa hita na umwite fundi umeme aangalie ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Katika nyumba za zamani waya wa ethi huenda umefungwa kwenye bomba, nawe ukikata bomba umekata ulinzi wa nyumba nzima. Na ikibidi kuchimba ukuta, pitia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji upo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ujenzi humo una utaratibu wake.

Bomba la maji ya moto lisikandikwe moja kwa moja ukutani. Shaba hutanuka: kipande cha mita tatu kikipanda joto kwa nyuzi 40 kinarefuka kama milimita mbili, na kila siku kinarefuka na kurudi. Livishe ala ya plastiki. Hiyo pia italikinga na chumvi, kwani mchanga wa pwani kwenye plasta unaila shaba polepole. Unaporudishia ukuta, tumia chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe, na unyevu huo utatafuta vichwa vya boriti.

Sasa swali lako la plastiki. Mabomba ya PPR, yale yanayoungwa kwa mashine ya moto wa nyuzi 260, ni mazuri na ndiyo yaliyoenea Unguja leo. Ningekushauri hivi: lipasue kile kipande kilicholika ulichokikata, utazame ndani. Kama ukuta wa bomba ni mzima na umelika mahali pamoja tu, shaba yako ina maisha marefu bado, ilehemu. Kama ndani kuna vishimo vishimo kila mahali, au maji mnayotumia ni ya kisima chenye chumvi, usipoteze gesi yako. Maji ya chumvi yataendelea kuila hata ukilehemu vizuri namna gani, weka PPR. Unaweza pia kubakisha shaba sehemu na kuiunga na PPR kwa fitingi ya shaba ya njano yenye thredi. Kuunga shaba moja kwa moja na bomba la zinki usifanye, maana yakikutana ndani ya maji zinki inaliwa. Tia shaba ya njano katikati, na uhakikishe maji yanatoka kwenye zinki kwenda kwenye shaba, yasiwe kinyume.

La kumaliza ni kujaribu. Tangi lililo mita tatu juu ya bafu linatoa msukumo mdogo sana, kwani mita kumi za kimo ndizo msukumo wa baa moja (bar, kipimo cha msukumo). Kiungo kibovu kinaweza kunyamaza kimya mbele ya tangi na kuvuja siku utakayofunga pampu. Muombe fundi bomba mwenye pampu ya mkono ya kupimia aje siku moja tu. Malipo yake yatakuwa madogo kuliko kazi nzima, na akiwa hapo atakutazamia na viungo vyako. Mabomba yakae na msukumo usiku kucha, ukuta ukiwa wazi, kabla ya plasta na kabla ya kigae chochote. Asubuhi pitisha kitambaa kikavu cha karatasi chini ya kila kiungo. Kikiloa, usiongeze lehemu juu ya pale panapovuja, haitashika. Toa maji yote, pasha mpaka fitingi iachie, ivute, safisha pande zote mbili kwa msasa, paka flaksi mpya na uanze kiungo hicho tangu mwanzo.